Trei ya Drahomira

Kikao cha tatu, na bado hatujakubaliana
ni kitu gani kitakachotulia shaba.
Nje, Brno imelala chini ya theluji ya juzi, imekwisha chafuka.
Ndani, chini ya kilichokuwa kiwanda cha sufu,
tuko saba, birika moja la chai,
na kopo la michango: korona elfu sita na mia nne.
Nimezihesabu mara mbili. Mimi ndiye mweka hazina.

Otakar anataka mashine ya kunyunyiza.
Ameleta picha, ameizungushia kalamu nyekundu.
"Dakika mbili, bodi imekwisha, pande zote,
njia nyembamba kama unywele wa mtoto."
Bei haisemi. Naisema mimi.
Kimya.

Vilem anataka ya kuchonga, isiyo na dawa kabisa.
Vumbi la nyuzi za kioo, namkumbusha,
na kelele, na juu ya dari hii
analala kitoto cha Blažena.

Kisha kuna tangi la wima, jembamba kama kamusi iliyosimamishwa,
pampu ya samaki wa mapambo chini yake,
mapovu yakipanda, dawa ikipashwa moto.
Analiuza mtu wa Olomouc, anahama.
Kifuniko kina ufa. Elfu mbili.
Na uchafu wake ataumwaga nani, wapi?
Si sinkini: mto Svratka haukuomba shaba yetu.
Hapo tukagombana mpaka chai ikapoa.

Drahomira hakutia neno.
Miaka thelathini alisafisha picha gizani, gazetini,
enzi za filamu.
Akatoa mkobani trei nyekundu,
akavaa glavu, akamimina dawa ya kahawia,
kina cha vidole viwili,
akakitumbukiza kipande changu cha bodi,
akaishika trei kwa mkono wa kushoto,
ule unaotetemeka tangu mwaka juzi,
ule anaouficha mfukoni tukipiga picha.

Dawa ikaenda, ikarudi.
Viwimbi vidogo, sawasawa, bila kuchoka.
"Mashine hii haina bei," akasema.
"Wala swichi ya kuizima."
Hatukujua kama tucheke.
Akaanza yeye.

Shaba ikawa waridi, ikawa madoadoa, ikaenda zake.
Njia zikabaki chini ya wino, zote, hata ile niliyoichora vibaya.
Dakika kumi na nne kwa saa yake.

Tulinunua tangi.
Wa kwanza kunyosha mkono alikuwa yeye, ule wa kulia.
"Msichague kitu kinachonihitaji mimi."
Vilem ameziba ufa kwa gundi.
Otakar angali na picha yake.
Uchafu tunautia ndooni, na kila Alhamisi, kwa zamu,
mmoja wetu huupakata kwenye tramu hadi kituo cha manispaa,
kwa uangalifu, kama mtoto wa watu.

Trei iko rafuni. Haikupigiwa kura.
Kwa bodi zisizozidi kiganja
watu huulizana kwa sauti ya chini: leo anakuja?
Nami nina doa la kahawia kwenye mkono wa shati,
sabuni imeshindwa nalo.
Nimefungua daftari la hazina.
Sioni safu ya kuliandika.