Mlamvua, Toleo la Tatu

Toleo la kwanza lilikuwa na mstari mmoja tu:
Mlamvua akifika, maji yote yanakwisha.
Hakuna kutupa dadu. Hakuna kinga.
Niliuandika mimi, kwa kalamu inayovuja,
nina miaka kumi na tisa, sina subira.

Toleo la pili tukamwongezea.
Kurasa mbili, uwezo kumi na mmoja:
kunyonya visima, kukausha mate ya mganga,
kugeuza wingu kuwa vumbi mara tatu kwa siku,
na jedwali. Lameki hupenda majedwali
kama mbuzi apendavyo magadi.
Kila zamu mwongoza mchezo akafunua, akafunua,
wachezaji wakatoka kununua karanga,
wakarudi, zimwi bado linachagua.

Sasa ni Jumamosi, Makole,
nyuma ya duka la steshenari la mama yake Ndahani.
Upepo wa Agosti unasukuma mlango wa bati
kama mdai aliyechoka kubisha.
Meza yetu ni mashine ya fotokopi iliyokufa.
Rasimu imechapwa nyuma ya kadi za mchango wa harusi
zilizokosewa jina la bwana harusi.

Ndahani anasema: zimwi lina haja ya mambo matatu.
Moja la kila zamu, moja la hasira,
moja ambalo mchezaji atalisimulia Jumatatu kazini.
"Mezani haliishi hata robo saa.
Unalinunulia kabati la nguo la nini?"
Kisha anataka dadu.
Atakayepata kumi na nne au zaidi
abaki na kibuyu chake.

Wendo hajasema neno tangu chai.
Anamumunya ubuyu, anatema kokwa kiganjani,
anazipanga moja moja ukingoni mwa rasimu.
"Kumi na nne," anasema.
"Mwaka ule, kwetu Mvumi,
uwele ulifika magotini ukafa umesimama.
Baba aliuza ng'ombe wanne kwa bei ya mbuzi.
Nani alimpa dadu?
Rudisheni mstari wa kwanza. Ule ulikuwa wa kweli."

Mimi, mwenye mstari, nikaona fahari,
kisha nikaona haya kwa kuona fahari.

Lameki akasema labda jedwali dogo.
Hakuna aliyemjibu.

"La kweli nalijua," Ndahani akasema, taratibu,
akikwangua wino mkavu kwenye kioo cha mashine.
"Halijawahi kuniuliza nina nini mkononi.
Hapa, mara moja kwa wiki,
nataka liniulize."

Umeme ukakatika, kama kawaida yake,
na dadu, ile ya mpingo yenye pande ishirini,
ikabingirika chini ya mashine.
Tukapiga magoti wote wanne na tochi za simu,
tukapata sarafu, tukapata pini, tukapata
jino la mtoto ambalo hakuna aliyelikubali.
Ni huko chini, shavu sakafuni, nilipowaambia:

Yaishe. Maji yote yaishe, bila kinga.
Halafu kila mmoja atupe.
Wa kumi na nne na zaidi anabakiwa na funda moja,
na lazima aseme kwa sauti
nani atakayelinywa.

"Na akijinywea mwenyewe?" Wendo akauliza.
Inaruhusiwa.
"Mbele ya wenzake?"
Mbele ya wenzake.

Akanyoosha mkono gizani, nikampa dadu.
Tisa.
Akaimulika muda mrefu
kama anayesoma barua mara ya pili.
"Sawa," akasema. "Inauma panapotakiwa. Andika."
Nikaandika, kwa penseli,
nyuma ya jina la bwana harusi asiyekuwepo.

Lameki akakohoa.
"Ila hapo kwenye nani anywe," akasema,
"patahitaji jedwali."

Wendo akamrushia kokwa ya ubuyu.
Kwa mlio, ilimpata.