Kiungo cha Akiba

Tulipanda wanne, misonobari ya Karpatia kushoto na kulia,
barafu nyembamba bado ikilala kwenye madimbwi.
Sorin mbele, kama kawaida, anaturushia tope
na baadaye atasema ilikuwa mvua.

Kwenye kijito pikipiki yangu ilimeza maji, ikazimika.
Horia alinicheka mpaka na yeye akaanguka,
palepale, chali,
gurudumu lake likizunguka hewani
kama lenye miadi kwingine.

Kisha, kwenye mwinuko, mnyororo wa Ilinca ukakatika.
Hakulaani. Alivua glavu, akapiga magoti kwenye mizizi,
akatoa mfukoni kiungo cha akiba
kilichoviringishwa katika leso ya marehemu baba yake,
aliyemwonyesha njia hii
kabla ramani yoyote haijaijua.
Tukanyamaza. Injini zikapoa, tik, tik.

Mchunga kondoo akatugawia jibini na kitunguu,
akauliza: mnakimbilia wapi?
Tukatazamana kama wezi wa kuku.

Usiku huu naosha buti uani.
Tope linatoka, halishi.
Mikono bado inatetemeka,
imeshika usukani usiokuwapo.