Vipimo

Karatasi ya kiwandani inasema
silinda mbili, pembe ya digrii tisini,
kipenyo themanini na mbili nukta tano,
mwendo wa pistoni milimita sabini:
jumla sisi mia saba arobaini na nane.
Nimeisoma kwa Kiitaliano nisichokijua,
maana namba hazina kabila.

Gia tano. Shafti badala ya cheni,
kwa hiyo hakuna grisi ya kurukia suruali.
Breki za ngoma, mbele na nyuma,
za kuombewa dua kwenye mteremko wa Museum Hill.
Kilo mia mbili na sita kabla ya mafuta.
Tuliipandisha benchi mimi, Mutinda na Lagat,
na Karioba nzima haikusikia utani
hadi tulipoitua.

Silinda zimechomoza ubavuni,
moja kushoto, moja kulia,
kama viwiko vya mama anayepenya Gikomba
mikono yote miwili ikishika mzigo kichwani.

Nikafungua kichwa cha kushoto.
Nikatia maikromita.
Themanini na nne.
Nikafuta, nikapima tena, nikazima redio.
Themanini na nne kamili.

Pistoni niliitoa, nikaikwangua masizi.
Chini yake nembo ya Mfaransa:
hii ni ya Pijo, Pijo 404,
gari la kubebea kabichi na maiti,
imepunguzwa kichwa kwenye lethi,
vijishimo vya vali vimechongwa kwa mkono
na ndani ya sketi, kwa ncha ya msumari:
ONDITI, GROGAN, 3/83.

Onditi.
Aliyenifunza kushika tupa
nikiwa msichana pekee kwenye kibanda kile.
"Nyakio, chuma hakidanganywi, kinabembelezwa."
Miaka sita, na hakunitajia hata siku moja
kwamba aliwahi kumvalisha Mwitaliano
moyo wa Mfaransa
chini ya bati la Kirinyaga Road.
Nadhani spea zilikosekana.
Nadhani barua ya kuziagiza iliota ndevu mezani kwa mtu,
na mwenye pikipiki alitaka kufika Nakuru Ijumaa.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya unga:
mia saba sabini na sita.
Logibuku bado inasema arobaini na nane.
Sisi ishirini na nane
ambao Italia haikutuhesabu.

Bwana Karmali wa Runda anaitaka
kama ilivyotoka kiwandani.
Ameleta silinda mpya ndani ya maboksi,
pistoni zimefungwa kwa karatasi laini kama matofaa,
na nusu ya pesa taslimu.

Nimezifunga. Kazi ni kazi,
na karo ya Wangeci haijui historia.
Vali nimeziachia nafasi
ya sifuri nukta mbili mbili,
kama karatasi inavyotaka.
Imewaka mara ya pili.
Ukiipa mafuta ikiwa imesimama
yote huinamia kulia,
kama mtu anayetaka kukunong'oneza
kisha akakumbuka kuna watu.

Inanguruma vizuri. Siwezi kusema uongo.
Nilitega sikio nikitafuta kikohozi cha zamani
nisichowahi kukisikia.

Pistoni mbili za Onditi ziko dirishani,
moja nimetia kalamu, nyingine haina kitu.
Karmali alipokuja kuchukua chake
akaiinua ile tupu, akaigeuza kwenye mwanga,
akauliza naziuza bei gani.

Nikamwambia
hazimo kwenye karatasi.