Kona Hamsini na Saba

Nilizihesabu. Dereva wa Fuso aliniambia tukiwa Chimala,
"Mama, ukifika ya arobaini acha, utatapika."
Nilitapika ya thelathini na moja,
cherehani mapajani kama mtoto mwenye homa,
gunia la dagaa wa Nansio miguuni.
Utingo akafungua dirisha kwa harufu,
baridi ikaingia,
akalifunga. Akachagua dagaa.

Miaka kumi na tisa, nyuma ya kaunta ya duka letu kisiwani,
marehemu Eliudi Mbogela alikuwa akiniambia:
"Kwetu ni juu." Basi.
Mtu wa Ukerewe atakujulia wapi juu?
Kwetu juu ni kilima unachopanda na kushuka
uji haujapoa.
Aliniachia nyumba ya bati huku Matamba,
nusu eka ya viazi
na ukoo mzima unaonisalimu kwa lugha nisiyoijua.

Kamwene.
Nikajibu, "Shikamoo."
Wakacheka, si kwa ubaya.
Kamwene hujibiwa kamwene,
neno linarudi lilikotoka kama sahani ya jirani,
ila sahani hairudi tupu.

Juni mafuta ya kula yaliganda chupani.
Niliyatikisa, nikidhani nimeuziwa bandia.
Mama Tweve akayaweka kando ya moto,
akaniweka na mimi.
Hakusema pole. Alimenya viazi:
hivi laini vya kuuza,
hivi vyenye macho mengi vya kula wenyewe.
Nikamuuliza baridi inaisha lini.
"Haiishi. Unaizoea, kama mkwe."

Usiku nilisikia kivuko.
Naapa, honi ile ile, na watu wakisukumana na baiskeli zao.
Nilikaa kitako kitandani mpaka nikaelewa:
upepo, kwenye mipaina.

Halafu asubuhi moja nimetoka kumwaga majivu,
nikakuta Usangu haipo.
Bonde lote limejaa ukungu mpaka ukingoni,
mweupe, umetulia, una ghuba zake,
na vichwa vya vilima vimechomoza huku na huku.
Nikavipa majina: Ukara. Irugwa. Kile kidogo, Sizu.
Nikasimama na beseni tupu
kama mtu aliyeachwa na chombo.
Mama Tweve akapita na jembe begani.
"Usilizoee sana," akasema,
"saa nne ziwa lako linakauka."
Na saa nne likakauka:
majaruba ya mpunga, barabara kuu, mabati ya Chimala
yakimetameta kule chini kama vyombo ambavyo
hakuna aliyekuja kuvianua.

Sikulia. Nilikuwa na sweta kumi na moja za shule za kuziba viwiko.
Watoto wa huku huchakaza viwiko,
sijui huwa wanatambaa kwa mikono hadi darasani?
Kwetu nilikuwa naziba makalio ya kaptula.

Nyanjiga hupiga simu Jumapili:
"Dada, unaishije bila maji?"
Namwambia maji yapo, yamejificha kwenye nyasi,
ukipita Kitulo wakati wa maua
yanakulowanisha soksi.
"Soksi!" anacheka mpaka anakohoa. "Wewe? Soksi?"
Jozi mbili, namwambia.
Simwambii kwamba moja ni ya Eliudi.

Juzi kashushwa mwalimu mpya kutoka Pangani,
kandambili miguuni, midomo imepauka,
kaniuliza mimi, kama mwenyeji,
baridi inaisha lini.
Nikafungua mdomo nimpe lile jibu la mkwe,
kumbe nasema, "Njoo kwanza jikoni."
Dagaa walikwisha zamani. Vilikuwepo viazi,
vile vyenye macho mengi.
Alikula kimya, magoti yake karibu yaingie motoni.
Akiondoka nikamwambia, "Kamwene."
"Shikamoo," akasema.

Leo ziwa lilikuja mapema, kabla ya jogoo.
Nililitazama kidogo tu.
Kulikuwa na magugu.