Manamba

Bwana Hizza kavuka Barabara ya Nane jua la utosi,
kaweka juu ya kioo changu cha usonara
kalamu ya umeme yenye ncha ya almasi
na bahasha ya vidude vidogo kuliko chawa.
"Kila sarafu ya zamani ipate namba yake.
Asiyetaka kuchora, abandike kidude;
ukisogeza simu, kinamtaja mwenyewe."

Simcheki. Najua lililompata.
Mwaka juzi mwizi aliingilia darini, kule Chumbageni,
akaondoka na albamu nzima: hela za Mjerumani,
pesa za Sultani zenye mizani mgongoni,
rupia moja yenye alama ya jino la mtu.
Baada ya miezi mitatu akazikuta Mombasa
zimepangwa kwenye meza ya mwingine.
Akaita askari. Askari akamuuliza,
"Utajuaje ni zako?"
"Nazijua," akasema. Basi.
Mzazi humjua mwanawe kati ya mia,
lakini hilo askari hakuliandika.

Na za bandia zimejaa. Nimewahi kuletewa hela
iliyochemshwa kwa majani ya chai,
ikazikwa wiki mbili kwenye samadi ya mbuzi,
ikafukuliwa ina umri wa miaka mia.
Niliinusa, nikamrudishia kijana wa watu.

Kwa hiyo naelewa. Ila mkono wangu uko ndani ya droo,
umefunika senti kumi ya tundu,
ile ya pembe mbili za ndovu zinazokumbatia uwazi.
Babu Kihwele alitoka nayo mkonge.
Alipakiwa lori Njombe, akashushwa Ngomeni,
akavuliwa jina mlangoni kama mtu avuliwavyo viatu,
akapewa kipande: elfu nne mia mbili na sita.
Visanduku thelathini, siku thelathini.
Usipofikisha mafungu, nyapara hachori,
na siku hiyo, ingawa mgongo unaikumbuka,
haikuwahi kuwapo.
Mji ukawaita manamba.
Mimi mjukuu nimeitwa hivyo shuleni,
na sikuwahi kukata jani hata moja.

Senti yake haikuwa na namba.
Ilikwenda ilikotaka: kwa muuza mihogo,
kwa mganga, kwa mwanamke wa Pongwe
ambaye bibi hakuambiwa.
Ikarudi, ikanyamaza.

"Mtu alitiwa namba, fedha ikaachwa huru,"
nikamwambia Bwana Hizza, sauti imeshapanda.
"Leo mnataka kuifunga na hii?
Ukiipa namba umeipa ulimi,
na ulimi hauchagui wa kumsengenya!"
Nilijisikia nasema vizuri. Nikainua senti juu
ili aione vema huku nikimalizia,
ikaniponyoka.

Iliangukia kopo la maziwa
ninamoweka senti za tundu za kuyeyusha,
nizinunuazo kwa uzito, kama chuma chakavu.
Ilisema *ti*. Mara moja tu.

Tukamwaga kopo kwenye mkeka.
Thelathini na moja, zote zina pembe, zote zina tundu,
zote zimelambwa na vidole hadi zikalainika.
Ya babu ilikuwa na mkwaruzo karibu na taji.
Hii hapa. Na hii pia. Na ile.

Bwana Hizza alivaa miwani, akapiga magoti nami.
Hakucheka. Muda ukapita, adhana ya alasiri ikasikika,
ndipo akauliza, taratibu, bila kisasi,
"Utajuaje ni yako?"

Nikafungua mdomo. Nikakuta humo
neno lake lile la Mombasa.

Amekwenda zake, kalamu kaniachia niitafakari.
Sijaichomeka kwenye umeme.
Siyeyushi tena kopo lile.
Jana usiku nilizihesabu upya juu ya kioo:
thelathini, kipande kimejaa,
na moja ya ziada
ambayo nyapara hakuichora.