Mechi Sita Bado

Jumamosi ile nilianika jezi kumi na sita nyuma ya nyumba,
kijani, zikitazamana na mlima wa mawe meusi,
na simu ikalia: hakuna mechi leo.
Na Jumamosi ijayo? Mtu wa shirikisho akanyamaza.
Nikamsikia akikohoa, akaomba radhi kwa kukohoa.

Zikakauka. Nikazikunja. Zikakaa.
Namba tisa bado ina alama ya nyasi kwenye kiwiko,
ya Gethin, alipoangushwa ndani ya boksi na refa akapeta.
Nimeifua mara nne. Haitoki.

Hapa Cwm Derwas hatuna mengi.
Machimbo yalifungwa baba yangu angali na meno yake yote.
Tuna duka la chipsi, kanisa lililozibwa madirisha kwa mbao,
na timu ya ligi kuu.
Ligi kuu ya nchi, nasema, ucheke ukipenda:
kipa wetu anagawa barua, beki wa kati anakamua ng'ombe mia
kabla ya kupanda basi la saa tatu kwenda kufungwa tatu bila.

Mei wakaja na hesabu.
Kwa kuwa mpira hauchezwi, walisema, tutagawanya:
pointi kwa mechi ulizocheza.
Nikatafuta kalamu ya Idwal, nikageuza bahasha ya bili ya umeme.
Sisi: pointi ishirini na nne, mechi ishirini na sita.
Aberhelyg: ishirini na nne vilevile,
mechi ishirini na tano.
Nikagawanya. Nikarudia. Nikagawanya kwa sauti.
Sifuri nukta tisa mbili. Sifuri nukta tisa sita.
Tumezoea kuzikwa kwa mabao;
safari hii kaburi limechimbwa mezani, kwa ncha ya kalamu.

Ile mechi moja wao waliikosa kwa mvua.
Februari, uwanja wao ulijaa maji, refa akadondosha mpira,
ukanata kama yai kwenye matope, akawarudisha watu makwao.
Mvua hiyohiyo ilitunyeshea na sisi.
Lakini sisi tulikuwa na Idwal.
Tangu saa kumi na moja alfajiri, na ufagio wa zizi,
na miaka yake sabini na mmoja, na buti zinazovuja,
alisukuma maji kutoka goli hadi goli,
akaitoboa ardhi kwa uma wa bustani ili inywe,
akamwaga mchanga alioununua bila kuniambia.
Refa akafika. Akadondosha mpira. Ukadunda.
Ukadunda! Idwal akanitazama
kama siku ile alipopewa mtoto wetu amshike.
Tukacheza. Tukafungwa moja, dakika ya themanini na nane.

Angelala tu siku ile.
Angekuwa mvivu kama wanaume wengine wa mtaa huu,
tungekuwa sawa kwa nukta, na kwa mabao tunawazidi mawili.

Sasa yuko hospitali ya mjini, kitanda cha dirishani.
Mpira wa hewa wameutoa kooni,
sauti imebaki kama bawaba isiyotiwa mafuta.
Haturuhusiwi kuingia. Nesi, mjukuu wa kina Parri,
humshikia simu sikioni.
"Tumeshuka?"
Hakumuulizia paka. Wala mimi.

"Mechi sita bado," nikamwambia.
Na sikusema uongo, mkitaka kunihukumu:
sita bado, hakuna aliyezicheza,
hakuna atakayezicheza.
Akapumua. Nikamsikia akihesabu.
"Basi nyasi," akasema. "Zikatwe. Zisizidi kidole."

Jana nilikwenda. Zimefika gotini.
Kondoo wawili walikuwa ndani ya eneo la hatari,
wametulia, hakuna wa kuwapulizia kipenga.
Nikaazima mashine kwa mama wa Gethin.
Nimekata nusu, upande wa goli la kusini,
giza likaingia.