Sarafu ya Lifti

Lifti ya jengo letu, kule Gldani,
haimpandishi mtu bure.
Unatumbukiza sarafu kwenye kisanduku kilichochubuka,
inaguna, inafikiri, ndipo inakubali.
Mimi naandikia ghorofa ya tisa,
meza imeegemea jiko la gesi,
na Pridoni, fundi wa lifti, ndiye pekee
aliyewahi kunisikiliza hadi mwisho,
maana alikuwa amenasa shimoni, bisibisi mdomoni.

Nilimsomea kutoka juu, mlango u wazi,
hadithi ya mjane anayeuza piano ya marehemu.
Kurasa kumi na moja.
Mvua ilinyesha katika tatu.
Mjane alilia, mapazia yakalia, hata paka akahuzunika.
Pale kwenye paka niliona haya kidogo,
lakini nikaendelea.

Kimya. Kisha sauti kutoka shimoni:
"Nimelipa sarafu yangu, bibie.
Mbona umenisimamisha ghorofa ya pili
unanionyesha rangi ya ukuta?"

Nilinuna siku mbili.
Mtu wa nyaya na grisi, anajua nini?
Siku ya tatu nikashika kalamu nyekundu.
Mvua nikaifuta yote, na iliuma:
kulikuwa na sentensi moja ya matone
niliyoirudia kama ulimi unavyorudia jino bovu.
Machozi nikayakausha.
Paka nikambakisha, ila nikampa kazi:
alale juu ya piano, awakwaruze wanunuzi.
Mjane nikamwacha afute vumbi,
ahesabu vibonyezo.
Themanini na vinne.

Jana vilikuwa themanini na vitano.

Hapo mkono wangu mwenyewe ukasita.
Nani kaandika hilo?
Birika likachemka hadi likakauka.

Jioni nikamkuta Tsiala wa ghorofa ya saba,
mkate wa shoti kwapani, bado wa moto.
Akatumbukiza sarafu, tukaanza kupanda.
Nikamwambia tu, kama umbea wa ujirani:
"Kuna mjane kakuta kibonyezo kimoja kimeng'olewa,
na ufunguo wa nyumba anao yeye peke yake."
Ya tatu.
"Na mumewe?"
"Kazikwa Jumanne."
Ya tano.
"Kibonyezo kipi?"
"Kile kilichokuwa hakitoi sauti."
Ya saba. Mlango ukafunguka.

Hakushuka.
Aliweka kiatu kizingitini, mlango ukamgonga, ukarudi, ukamgonga tena.
Mkate unapoa. Huko chini mtu anapiga mabomba
akiidai lifti.
"Enhe? Halafu?"

Ningemjibu, laiti ningejua.
Nikasema, "Kesho,"
kwa sauti ya mtu anayejua,
nikajipenyeza kando yake, nikazikwea ngazi
za ghorofa mbili zilizobaki, mbio, bila pumzi,
nikamwulize mjane
kabla hajalala.